Kabla Hujabadili Mtutu wa Bunduki ya Uwindaji

Bunduki nzuri ya kuvuta bolti haifi kwa uzee. Inakufa kwa kukosa risasi. Chuma kilichopakwa mafuta na kufungiwa kabatini kinaweza kumzidi umri mwenye nacho na mwanawe pia. Risasi hazina uvumilivu huo. Kiwanda kinaacha kuzitengeneza, muuzaji anaacha kuziagiza, na mwenye bunduki anabaki na kasha moja lililopauka ambalo hata yeye mwenyewe haliamini.

Mtu wa Igoma, Kisesa au Magu mwenye bunduki ya uwindaji ya halali mara nyingi ni mrithi. Mzee alikuwa bwana nyama, au mfugaji mkubwa, au alinunua bunduki kwa mzungu aliyekuwa anafunga virago. Kipimo kilichoandikwa kwenye mtutu ni cha zama nyingine: 8x57 ya Mjerumani, .318 ya Mwingereza, au .404 Jeffery, ambayo idara za wanyamapori za Kenya na Tanganyika ziliwapa askari wao enzi za ukoloni. Hapo ndipo linapozaliwa wazo la kutoa mtutu huo na kuweka mwingine unaokula risasi inayopatikana.

Watu wa kukutia moyo hawakosekani. Kando ya barabara ya Musoma kuna mafundi kereza wanaoifufua shafti ya mashine ya kusaga iliyokwisha kabisa, na kesho yake mashine inanguruma. Mpelekee fundi wa namna hiyo mtutu, atakujibu, "Inawezekana, mzee." Hakudanganyi, inawezekana. Tofauti ni kwamba shafti ikikosewa inapiga kelele, na mtutu ukikosewa unaweza kukurudishia bolti usoni.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kwa mmiliki wa huku kwetu, kubadili kipimo kuna maana katika hali chache sana. Nyingine zote ni kupoteza fedha au kujitafutia kesi. Yanayofuata yatakusaidia kujua bunduki yako iko upande gani kabla hujatoa hata shilingi.

Karatasi kwanza, chuma baadaye

Silaha za raia nchini zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya 2015. Leseni yako haisemi tu kwamba una bunduki. Inaitambua kwa aina yake, kipimo chake na namba yake. Ukibadili mtutu bila ruhusa, siku ya ukaguzi askari atashika leseni inayosema kitu kimoja na bunduki inayosema kingine. Utakuwa na kazi ngumu ya kueleza kwamba hizo mbili ni kitu kimoja, na muda huo bunduki haitakuwa mikononi mwako.

Kwa hiyo safari inaanzia ofisini kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, ambaye kwa mkazi wa Igoma ni wa Nyamagana, wala haianzii kwa fundi. Omba kwa maandishi. Taja bunduki na namba yake, kipimo cha sasa, kipimo unachotaka, sababu, fundi mwenye leseni atakayefanya kazi, na mtutu wa zamani utakwenda wapi. Hilo la mwisho watu hulisahau. Mtutu uliotolewa si chuma chakavu. Usije ukamuuzia mnunuzi wa vyuma anayepita na mkokoteni. Uache mikononi mwa polisi au mwa fundi mwenye leseni, kwa stakabadhi. Namba ya bunduki haiguswi kabisa: kuifuta, kuikwangua au kuichonga upya ni jinai, na fundi anayekuambia "tutaiweka ileile kwenye chuma kipya" anakuingiza shimoni.

Kama leseni bado ina jina la marehemu baba, habari ya mtutu isubiri. Ng'ombe wanagawanywa kwenye kikao cha ukoo. Bunduki haigawanywi hapo. Inapelekwa polisi, inahifadhiwa, na anayetaka kuirithi anaomba leseni yake mwenyewe kama mwombaji mwingine yeyote. Nimeona familia zikibishana nani achukue bunduki ya mzee, wakati kisheria hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na haki ya kuishika.

Upande wa pili wa karatasi ni uwindaji wenyewe. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, kibali cha kuwinda ni kitu cha pekee, tofauti na leseni ya silaha, na wenye kazi hiyo nje ya hifadhi za taifa ni TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Kwa wawindaji wa kitalii kiwango kinachofahamika ni kipimo kisichopungua .375 kwa wanyama wakubwa wa hatari kama tembo na nyati, na .240 kwa wengine. Ukitaka bunduki ya swala, huna sababu ya kukimbilia mizinga.

Kuna pia yule anayetaka kipimo kikubwa kwa sababu viboko wanatoka ziwani usiku kula mpunga wake, au tembo wanavuka kutoka Serengeti kuingia mashamba ya Busega na Bunda. Namwelewa, hasara ile inauma. Lakini hiyo si kazi ya mwenye leseni binafsi. Piga simu kwa ofisi ya maliasili ya wilaya au kwa TAWA, waje wenye mamlaka na mafunzo; wengi wao wamepita Chuo cha Wanyamapori Pasiansi, hapahapa Mwanza. Hata anayeua mnyama kwa kuokoa maisha yake anapaswa kutoa taarifa, na meno, ngozi au nyama havigeuki kuwa mali yake.

Isome bunduki yako

Sasa chuma. Hakikisha haina risasi: fungua bolti, tazama chemba kwa macho, kisha ingiza kidole. Halafu toa bolti kabisa uiweke pembeni. Tafuta maandishi kwenye mtutu karibu na unapoungana na mwili, na mengine yaliyofichwa chini ya mbao. Ukiona taji, tai, au herufi ndogo zilizogongwa ndani ya alama, hizo ni muhuri wa nyumba za majaribio za Ulaya. London imekuwa ikijaribu mitutu tangu 1637, Birmingham tangu 1813. Mtutu hupigishwa risasi yenye nguvu kupita ya kawaida, na ukivumilia hupewa muhuri. Kwa kanuni ya CIP, tume ya kimataifa ya majaribio ya silaha, bunduki za uwindaji za aina hii hupimwa kwa mkandamizo unaozidi ule wa juu wa risasi yake kwa asilimia 25. Muhuri huo ni wa mtutu ule na risasi ile. Ukibadili kimojawapo, muhuri umekufa hata kama bado unasomeka.

Wenye bunduki za Kijerumani wasome hapa mara mbili. Risasi ya 8x57 ina sura mbili. Ile ya 1888 ina kichwa chenye kipenyo cha milimita 8.08. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 jeshi la Ujerumani lilibadili likaweka kichwa chenye ncha, cha milimita 8.22. Ya kwanza leo huandikwa 8x57 I au J, ya pili 8x57 IS au JS. Tofauti ni unene wa karatasi chache, lakini risasi nene ikisukumwa kwenye mtutu mwembamba inapandisha mkandamizo vibaya. Bunduki ya uwindaji ya kizamani inaweza kuwa ya J, huku risasi inayotengenezwa zaidi leo ni ya JS. Maandishi peke yake yasikutoshe. Fundi anayejua kazi atapitisha kipande cha risasi laini ndani ya mtutu uliopakwa mafuta, akitoe upande wa pili, na akipime kwa maikromita. Kama hana maikromita, mshukuru, uondoke.

Na kama una maganda yaliyokwisha kupigwa na bunduki hiyo, yana mengi ya kusimulia. Shika ganda moja kwenye mwanga wa jua, ulizungushe taratibu. Tazama kama sentimita moja juu ya kitako. Je, kuna pete nyembamba inayong'aa, kama mtu kazungusha msumari? Chukua waya mwembamba, pinda ncha yake kidogo, ingiza ndani ya ganda na kuikwaruza kutoka kitakoni kuja mdomoni. Ncha ikikwama kwenye mfereji palepale penye ile pete, ganda limeanza kukatika kwa ndani. Maana yake, kati ya uso wa bolti na mahali ganda linapoegemea kwenye chemba pana nafasi kubwa kuliko inavyotakiwa; ganda linavutika kila unapofyatua. Siku litakapokatika, moshi na gesi ya moto vitatafuta njia ya kutokea, na njia iliyo karibu ni kwenye jicho lako. Bunduki ya hivyo haibadilishwi mtutu; inaulizwa kwanza kama inastahili kuendelea kupigwa.

Risasi ipi inaingia kwenye mwili gani

Watu hudhani kubadili kipimo ni kubadili tundu la mtutu. Tundu ni sehemu nyepesi. Ugumu uko kwenye kitako cha ganda, urefu wa risasi nzima, na nguvu ya mkandamizo.

Kitako kwanza, kwa sababu hakina msamaha. Uso wa bolti umechongwa kukikumbatia kitako cha ukubwa fulani. Risasi nyingi za kawaida ni ndugu wa milimita 12: 7x57, 8x57, .30-06, .270, .308, .243 na 9.3x62. Ndani ya ukoo huo bolti haiguswi. Ukoo wa pili ni wa milimita 13.5, wenye ganda la mkanda: .375 H&H, .300 Winchester Magnum, .458 Winchester Magnum. Nao unaweza kuhama ndani yake bila kuisumbua bolti. Ukitaka kuhama kutoka ukoo wa kwanza kwenda wa pili, uso wa bolti lazima upanuliwe, na unapopanua unapunguza chuma palepale nguvu inapotua. .416 Rigby ina kitako cha takriban milimita 15. Hiyo usiifikirie kabisa kwenye Mauser ya kawaida, yaani ile bunduki ya Kijerumani. Na .303 ya Kiingereza, iliyoingia kwa wingi baada ya majeshi ya Uingereza kuiteka Mwanza Julai 1916, ina kitako chenye ukingo uliotokeza. Ina bolti na magazini ya kwake, iache ilivyo.

Kisha urefu. Magazini ya Mauser 98 ilitengenezwa kwa ajili ya 8x57, ambayo nzima ina milimita 82. Risasi ya .375 H&H ina zaidi ya milimita 91. Zamani mafundi walilazimisha: wakarefusha magazini kwa kukata chuma mbele, mahali risasi inapopandia kuingia chemba. Ukipinda kichwa kutazama ndani utaona kwamba chuma hicho ndicho kinachobeba jino la chini la bolti. Kila milimita inayokatwa pale ni milimita iliyotolewa kwenye ukuta unaokutenganisha na mlipuko. Zipo bunduki zilizofanyiwa hivyo na mabingwa zikadumu. Kufanyiwa hivyo na fundi wa kubahatisha ni habari nyingine.

Mkandamizo ndio wa mwisho, na ndio usioonekana. Kwa vipimo vya CIP, 7x57, 8x57 IS na 9.3x62 zote zina kikomo cha bari 3,900; .30-06 ni 4,050; .375 H&H na .300 Winchester Magnum ni 4,300. Mauser za kabla ya 1898 zina meno mawili tu ya kufungia bolti, bila lile la tatu la usalama la nyuma. Kuzipa risasi ya bari 4,300 ni kuziomba kazi ambayo hazikuumbwa kuifanya.

Ukiyaweka hayo matatu pamoja, utaona kwa nini badiliko moja limezeeka vizuri kuliko mengine yote: 8x57 kwenda 9.3x62. Otto Bock, mtengeneza bunduki wa Berlin, aliibuni risasi hiyo mwaka 1905, akiwalenga walowezi wa makoloni ya Ujerumani barani Afrika, ambao hawakuwa na fedha za kununua bunduki za mitutu miwili za London. Alitaka risasi nzito itakayoingia kwenye Mauser ileile ya kawaida. Kitako ni kilekile, mkandamizo uleule, urefu karibu sawa. Kichwa chake cha gramu 18.5 kilimtosha mkulima kwa karibu kila mnyama aliyekutana naye. Kwa maneno mengine, hili ni badiliko lililofikiriwa kwa ajili ya bunduki za namna hii, na sehemu kama hii tuliyopo.

Lina kasoro moja tu, nayo iko kwenye karatasi. 9.3 kwa kipimo cha Kiingereza ni .366. Haifiki .375. Mwindaji wa nyati atakuambia kwamba mnyama hajui tofauti hiyo, na atakukumbusha kwamba Bell wa Karamoja, kule Uganda, aliua tembo kwa mamia akitumia 7x57. Kweli kabisa, lakini Bell hakuwa anaomba kibali TAWA. Ukiwa na nia ya nyati, pata jibu la maandishi kabla ya kugharamia mtutu wa 9.3.

Mwenye BRNO ya Czechoslovakia ana bahati zaidi. ZKK 600 ni ya ukoo wa milimita 12, na ZKK 602 ilijengwa tangu mwanzo kwa risasi ndefu na nene. Kwenye 602, kuhama kutoka .458 kwenda .375 au kinyume chake hakugusi bolti. Kinachobaki ni mtutu, magazini na namna risasi zinavyopanda.

Kumpata fundi, na kumhoji

Fundi unayemtaka ana leseni ya kazi hiyo, na huenda usimpate Mwanza. Arusha na Dar es Salaam, zilizo karibu na makampuni ya uwindaji wa kitalii, ndiko pa kuanzia kuuliza. Bunduki isafiri nawe, pamoja na leseni na barua ya ruhusa, bolti ikiwa imetolewa na risasi zikiwa kando. Kuituma kama kifurushi kwenye basi la usiku ni kuikabidhi kwa kondakta, na kondakta hana leseni.

Mhoji bila aibu. Mtutu mpya unatoka kiwanda gani, na una muhuri? Je, ana geji mbili za kipimo hicho, ile ambayo bolti lazima iifungie na ile ambayo bolti isiifungie? Akionyesha geji hizo, muombe azitumie mbele yako. Kwa geji ya kwanza mkono wa bolti unashuka mpaka chini bila kulazimishwa. Kwa ya pili unagoma njiani. Ni jambo la dakika moja, na halina mbadala. Fundi anayepima kwa risasi ya kawaida iliyobandikwa utepe kitakoni anakisia.

Akipendekeza kuutanua mtutu wako wa zamani badala ya kuweka mpya, muulize unene wa ukuta unaobaki. Akipendekeza kuuchongea chemba ndefu zaidi, muulize kama tundu la mbele linalingana na kichwa cha risasi mpya. Na sharti la mwisho: kipimo kipya kichongwe juu ya mtutu, kisomeke. Bunduki iliyobadilishwa bila kuandikwa ni mtego kwa atakayeirithi.

Nyumbani, kusanya risasi zote za kipimo cha zamani uzikabidhi polisi. Zisilale hata siku moja kabati moja na mpya. Ajali za kuingiza risasi ya bunduki nyingine hutokea kwa watu wazoefu, gizani, kwenye haraka.

Majaribio ya kwanza ni ya fundi, bunduki ikiwa imefungwa kwenye fremu ya chuma na kamba ikivutwa kutoka mbali. Wewe unaipokea baada ya hapo, pamoja na maganda yaliyopigwa, uyakague kwa ule waya. Kulenga shabaha kufanyike uwanja wa kulengea wenye ruhusa. Shamba la Kishiri si uwanja. Risasi ya bunduki ya uwindaji inaweza kwenda kilomita tatu na zaidi, na huko mbele kuna watu.

Piga hesabu ya mwisho

Kabla ya yote haya, nenda kwenye duka la silaha ukaulize swali rahisi: risasi za kipimo ninachokitaka mnazo leo, na mwaka jana mlikuwa nazo? Jibu likiwa la kusitasita, umeokoa fedha. Hakuna faida ya kuhama kutoka risasi isiyopatikana kwenda nyingine isiyopatikana.

Kisha jumlisha mtutu, ada ya fundi, safari na malazi, vibali, marekebisho ya kitako na darubini, na risasi za majaribio. Linganisha na bei ya bunduki nyingine ya halali, yenye kipimo cha kawaida na mtutu wenye muhuri hai, ukiisalimisha au kuiuza ya zamani kwa utaratibu wa polisi. Wengi wakifika hapa kalamu inaamua yenyewe.

Ushauri wangu kwa mwenye Mauser 98 ya 8x57 iliyo na afya, leseni safi na duka linaloleta 9.3x62, ni kwamba badilisha, kwa ruhusa na kwa fundi wa kweli. Mwenye ZKK 602 naye anaweza. Mwenye Mauser ya kabla ya 1898, au .303, au maganda yenye pete, aiache bunduki kama ilivyo na aombe leseni ya nyingine. Na wewe ambaye bunduki ya mzee bado iko uvunguni na leseni ina jina la marehemu, usimtafute fundi wala duka: kesho asubuhi nenda kituoni ukatoe taarifa.